Ramani ya afya inayomfaa mtu mwenye uamuzi wa kufanya

Kabla hujafungua kompyuta, andika swali lako kwa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo pawe na jambo ambalo mtu fulani atalifanya au hatalifanya. "Ramani ya surua" si swali. "Timu za chanjo zianzie wilaya zipi?" ni swali. Kazi yangu ni kuandaa ramani kwa ajili ya idara za afya, kamati za bajeti na mashirika yanayodai sheria bora za afya, na sentensi hiyo ndiyo ninayoidai kwanza. Wakinijibu kwamba wanataka tu kuonyesha hali ilivyo, nawauliza: nani ataiona, na akishaiona afanye nini ambacho jana hakukifanya? Rangi, madaraja (mafungu ya namba yanayopewa rangi moja), mipaka, hata ukubwa wa karatasi, vyote vinatokana na jibu hilo.

Daktari John Snow wa London alikuwa na swali la namna hiyo mwaka 1854, kipindupindu kilipozuka Soho na kuua watu zaidi ya 600. Alitaka kujua wanaokufa wanakunywa maji ya pampu ipi. Kwenye ramani yake kila kifo ni kijistari kilichowekwa mbele ya nyumba kilikotokea, na pampu za maji zimetiwa alama. Habari hii husimuliwa kana kwamba vijistari peke yake vilimaliza kazi. Mimi nimejifunza zaidi kwa mambo ambayo hayatajwi sana. Snow alifuatilia mahali ambapo vijistari vilitarajiwa lakini havikuwepo: nyumba ya kutunzia maskini, iliyokuwa katikati kabisa ya mlipuko, ilikuwa na kisima chake, na wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani hawakuwa wakinywa maji ya pampu aliyoishuku, ile ya Broad Street. Katika toleo la baadaye la ramani alichora mstari kuzunguka eneo ambalo, kwa mwendo wa miguu kupitia mitaani, pampu ya Broad Street ndiyo iliyokuwa karibu kuliko nyingine. Mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba. Mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, na Snow mwenyewe alilisema hilo bila kuficha. Kutafuta panapokosekana, kupima umbali kama watu wanavyoutembea, na kukiri kile ambacho ramani haithibitishi: hayo ndiyo ninayotaka uyatie kwenye ramani yako.

Jiulize pia kama ramani inahitajika. Ikiwa tofauti kubwa ni ya miezi na si ya mahali, chora grafu ya mstari. Ikiwa msomaji anataka kujua nani wa kwanza na nani wa mwisho, mpe chati ya pau iliyopangwa, kwa sababu jicho linasoma urefu vizuri kuliko linavyosoma ukolezi wa rangi. Ramani inastahili pale ambapo ujirani wenyewe ni habari: ugonjwa unaovuka mpaka, kituo kilicho ng'ambo ya mto, sheria iliyo upande mmoja wa barabara na isiyokuwepo upande wa pili.

Majedwali kwanza

Unahitaji vitu vitatu: jedwali la takwimu zako, faili la mipaka ya maeneo, na idadi ya watu wa kila eneo. Mipaka inapatikana bure katika hazina kama geoBoundaries, au katika jukwaa la HDX la Umoja wa Mataifa, ambako maeneo mengi yana msimbo wake maalumu, yaani herufi au namba za kulitambulisha eneo. Idadi ya watu huanzia kwenye sensa. Pale sensa ilipochakaa, mradi wa WorldPop wa Chuo Kikuu cha Southampton hutoa makadirio katika viraba vya takriban mita 100. Programu ya kuviunganisha ni QGIS, ambayo ni huria, haina malipo, na imekuwa ikiendelezwa tangu 2002. Kama takwimu zako ziko kwenye DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya katika nchi nyingi, una sehemu yake ya ramani inayotosha kwa mkutano wa kila mwezi.

Unganisha majedwali kwa misimbo, kamwe usiunganishe kwa majina. Jina la wilaya huandikwa kwa kistari hapa, bila kistari pale, na mahali pengine lina nafasi mwishoni ambayo huwezi kuiona kwa macho. Misimbo nayo ina hatari yake: lahajedwali likiona "07" hulichukulia kuwa namba na kuligeuza kuwa "7", na papo hapo maeneo tisa ya kwanza yanapotea kwenye ramani. Weka safu ya misimbo kuwa ya maandishi kabla hujaingiza chochote.

Ukishaunganisha, usitazame ramani. Tazama jedwali. Chuja mistari ambayo safu ya takwimu ni tupu, uihesabu, na uiandike. Kisha fanya kinyume chake: tafuta mistari ya takwimu ambayo haikupata eneo. Hesabu hizo mbili zikikubaliana na unachokijua, endelea. Zisipokubaliana, simama hapo hapo, kwa maana rangi nzuri zitakazofuata zitalifunika tatizo na hakuna atakayeliona tena.

Hifadhi kazi yako katika muundo wa GeoPackage badala ya Shapefile. Shapefile hukata majina ya safu yakizidi herufi 10, kwa hiyo "chanjo_surua_1" na "chanjo_surua_2" yote yanabaki "chanjo_sur", na programu inalipa mojawapo jina la kubuni. Dozi ya kwanza na ya pili ya surua si kitu cha kukisia.

Angalia pia mwaka wa mipaka. Wilaya hugawanywa, huunganishwa, hubadilishwa majina. Takwimu za kabla ya mgawanyo ukiziweka juu ya mipaka ya baada yake, utaona pengo ambalo halipo au anguko ambalo halikutokea. Ninapolinganisha miaka, ninawarudisha watoto kwa mzazi: wilaya mpya zinajumlishwa kuwa ile ya zamani, na kipindi chote kinasomwa kwa mipaka ile ile. Undani unapungua, lakini ulinganisho unakuwa wa kweli.

Kwa vituo vya afya na visima utakuwa na namba mbili kwa kila nukta, latitudo na longitudo. Nukta zikikuangukia baharini kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, ujue mtu aliacha nafasi wazi na mfumo ukaandika sifuri mbili, maana huko ndiko ikweta inakokutana na meridiani ya sifuri. Zikiangukia bara jingine, mara nyingi latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Hesabu pia tarakimu zilizo baada ya nukta ya desimali: tarakimu mbili zinakuacha na shaka ya karibu kilomita moja, tatu karibu mita 100. Kisima kilichoandikwa kwa tarakimu mbili kisioneshwe kana kwamba kiko kwenye uwanja wa shule fulani.

Gawanya kwa watu

Hapa ndipo ramani nyingi za afya zinapopotosha, nami nitakaa hapa kidogo.

Ukipaka rangi maeneo kwa idadi ya wagonjwa, umechora ramani ya mahali watu wanapoishi. Tuseme wilaya moja ina wagonjwa 400 kati ya watu 800,000, na nyingine ina wagonjwa 90 kati ya watu 60,000. Kwa idadi, ya kwanza inatisha. Kwa kiwango, ya kwanza ina wagonjwa 50 kwa kila watu 100,000 na ya pili ina 150, mara tatu zaidi. Kamati ikigawa wataalamu wa uchunguzi kwa kutazama ramani ya idadi, wilaya ya pili itasahaulika.

Kanuni ninayoifuata: kiwango kinapakwa rangi ndani ya eneo, idadi inaonyeshwa kwa duara lenye ukubwa unaolingana nayo. Rangi inajibu "hatari ni kubwa wapi", duara linajibu "watu ni wangapi". Yote mawili ni maswali halali. Anayepeleka dawa anahitaji idadi, kwa kuwa dawa humezwa na watu na si na viwango. Anayetafuta chanzo cha ugonjwa anahitaji kiwango. Rudi kwenye sentensi yako ya mwanzo; itakuambia uchore lipi.

Kisha ikague namba unayoigawia kwa ukali ule ule unaokagua wagonjwa. Kwa takwimu za chanjo ni jambo la kawaida kukuta eneo lenye 112%. Hiyo haina maana kwamba watu walidanganya. Huenda makadirio ya watoto yanatoka kwenye sensa ya zamani, au akina mama wa eneo jirani wanaleta watoto kwenye kituo kilicho karibu nao ingawa kiko ng'ambo ya mpaka. Usiishushe kimya kimya iwe 100%. Ipe daraja lake, na mistari ya mshazari juu yake, na andika kwenye ufunguo wa ramani: "zaidi ya 100%, idadi ya watoto ikaguliwe". Nimeona daraja hilo dogo likiwaamsha watu wa takwimu kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Na kumbuka eneo lenye 112% huenda lina jirani ambaye watoto wake wamehesabiwa kwenye eneo hilo. Jirani huyo anaonekana mbaya kuliko alivyo.

Maeneo yenye watu wachache yanahitaji subira ya pekee. Nchini Marekani, kaunti zenye viwango vya chini kabisa vya saratani ya figo nyingi ni za vijijini zenye watu wachache. Mtu anaweza kuanza kusifu hewa safi na chakula cha shamba. Lakini kaunti zenye viwango vya juu kabisa nazo nyingi ni za vijijini zenye watu wachache. Pale watu wanapokuwa wachache, mgonjwa mmoja tu akiongezeka au kupungua kiwango kinaruka. Zipo njia kadhaa: jumlisha miaka mitatu au mitano, unganisha maeneo madogo yanayofanana, au tumia mbinu ya kulainisha viwango inayoitwa empirikali Bayes, ambayo huvuta kiwango cha eneo dogo kuelekea wastani kwa kadiri ushahidi wake ulivyo hafifu. Programu ya bure ya GeoDa inaifanya bila kukudai uandike msimbo wa kompyuta hata mstari mmoja. Ukilainisha, sema umelainisha. Na kama ugonjwa unategemea umri, sawazisha umri kwanza, yaani linganisha maeneo kana kwamba yote yana mgawanyo ule ule wa umri, la sivyo utaipaka wekundu kila sehemu wanakoishi wazee.

Madaraja na rangi

Programu itakupa madaraja yenyewe, na ukiyakubali utakuwa umekubali uamuzi ambao hukuufanya. Njia ya kugawa maeneo kwa mafungu sawa itapaka wekundu fungu la chini hata kama maeneo yote yana chanjo kati ya 96% na 99%. Anayeiona atashtuka bila sababu.

Mimi huchukua mipaka ya madaraja kutoka kwenye uamuzi wenyewe. Kwa surua, ili kuzuia milipuko Shirika la Afya Duniani linataka angalau 95% ya watoto wapate dozi mbili. Basi 95 ndiyo iwe mpaka, na chini yake weka mipaka ambayo mpango wa chanjo unaitumia kuamua nani atapata kampeni ya ziada. Madaraja manne au matano yanatosha. Ukiwa na ramani za miaka kadhaa, madaraja yawe yale yale kwa miaka yote, hata kama ramani moja itapauka, kwa sababu bila hivyo rangi moja itakuwa na maana mbili.

Kwa takwimu zinazotoka kidogo kwenda nyingi, tumia rangi moja inayokolea polepole. Kwa takwimu zenye kiini, yaani namba ya katikati inayotenganisha pande mbili, tumia rangi mbili zinazoachana kutoka hapo. Mfano wa takwimu zenye kiini: mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau 15% ya bajeti kwa afya. Ramani ya bajeti hizo iwe na kiini kwenye 15, rangi moja kwa waliofika, nyingine kwa ambao hawajafika. Seti za rangi zilizopimwa vizuri ziko kwenye ColorBrewer ya Cynthia Brewer, na unaweza kuchagua zile zinazosomeka na watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hao ni kama 8%, na kwenye ukumbi wa kamati huenda yupo mmoja. Chapisha nakala moja kwa nyeusi na nyeupe kabla hujamaliza; ndivyo itakavyosambazwa.

Pasipo na takwimu, weka kijivu chenye mistari. Usiweke nyeupe, kwa maana nyeupe husomwa kama sifuri, na usiiache programu iweke rangi ya daraja la chini. Eneo ambalo halikuleta taarifa kwa sababu ya vita au mafuriko likionekana kama eneo lisilo na ugonjwa, ramani imewadhuru watu wa pale. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote kwenye makala haya.

Kuna pia wasioonekana hata kwenye orodha yenyewe. Kaskazini mwa Nigeria, wakati wa kupambana na polio, picha za setilaiti zilionyesha vijiji ambavyo havikuwemo kwenye ramani zilizochorwa kwa mkono na timu za chanjo. Hakuna jedwali ambalo lingeonyesha pengo hilo, kwani jedwali lilijengwa kutoka kwenye orodha ile ile. Bara la Afrika lilithibitishwa kuwa huru na virusi asilia vya polio tarehe 25 Agosti 2020. Basi weka picha ya setilaiti chini ya mipaka yako hata mara moja, utafute mapaa ya nyumba mahali ambapo takwimu zako hazisemi lolote. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, inasaidia hapa pia, hasa sehemu ambazo watu wa kujitolea wamezichora baada ya maafa.

Kuhusu umbo la dunia, neno moja: ramani nyingi za mtandaoni hutumia projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) ya Mercator, inayoifanya Greenland ilingane na Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Kwa mji mmoja au nchi ndogo iliyo karibu na ikweta hilo halina madhara. Kwa bara au dunia nzima, unapopaka rangi maeneo, chagua projeksheni inayolinda ukubwa wa maeneo.

Umbali wa kweli

Watu wengi huchora duara la kilomita tano kuzunguka kila zahanati, kisha huhesabu watu walio ndani yake na kutangaza kwamba wanafikiwa na huduma. Duara halijui mto, mlima wala msimu wa mvua. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hatembei kwenye mstari ulionyooka. Shirika la Afya Duniani lina programu ya bure, AccessMod, inayokokotoa muda wa safari kwa kuangalia barabara, mwinuko wa ardhi, aina ya uoto na vizuizi vya maji. Ikiwa unaishauri serikali mahali pa kujenga kituo kipya, tumia siku zaidi ufanye hesabu hiyo, na uifanye mara mbili, kiangazi na masika. Tofauti kati ya ramani hizo mbili mara nyingi ndiyo hoja yenyewe.

Unapochora sheria na sera

Sera haina kiwango kwa watu 100,000, kwa hiyo wengi hudhani ni rahisi: nchi zenye sheria kijani, zisizo nayo nyekundu. Ugumu uko kwenye "zenye". Sheria ya kuzuia sigara hadharani inayoruhusu vyumba vya kuvutia sigara ndani ya baa ni sawa na ile ya Ireland, ambayo tangu tarehe 29 Machi 2004 imefunika sehemu za kazi zikiwemo baa na mikahawa? Ukizipaka rangi moja umezilinganisha.

Andika mwongozo wa kusimba, yaani orodha ya maswali utakayoiuliza kila sheria, kabla hujasoma sheria hata moja. Kila swali liwe na jibu linaloweza kunukuliwa kifungu: je, sheria inafunika mikahawa? baa? magari ya abiria? kuna adhabu? nani anaisimamia? Watu wawili wasome kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Pale wanapotofautiana, mara nyingi swali ndilo halikuandikwa vizuri. Kituo cha utafiti wa sheria za afya cha Chuo Kikuu cha Temple huko Marekani kimeujenga utaratibu huu kwa miaka mingi, na ramani zake za LawAtlas zinafaa kutazamwa ili uone jinsi swali moja dogo linavyozaa ramani moja safi.

Tarehe ni mtego mwingine. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa Mei 2003 na ukaanza kutumika tarehe 27 Februari 2005, na kila nchi ina tarehe yake ya kuuridhia. Ramani ya mwaka 2004 itakuwa na sura mbili tofauti kutegemea unahesabu tarehe ya kuridhia au ya kuanza kutumika. Mimi hutumia tarehe ya kuanza kutumika, na naiweka kwenye jedwali pamoja na tarehe ya kufutwa kama ipo, ili mtu aweze kusogeza miaka na kuona sheria zikiingia na kutoka. Andika pia kwamba ramani inaonyesha sheria ilivyoandikwa. Kutekelezwa ni swali jingine, linalohitaji takwimu nyingine na ramani nyingine.

Utashawishika kuweka sheria na matokeo pamoja, mathalani sheria ya tumbaku na vifo vya saratani ya mapafu. Kumbuka saratani hiyo huchukua miongo kujitokeza, kwa hiyo vifo vya leo vinasimulia sigara za zamani. Ramani mbili kando kando zinaweza kuzaa swali zuri la utafiti. Zisitumike kuthibitisha kwamba sheria ilifanya kazi au ilishindwa. Na usihame kutoka eneo kwenda kwa mtu: wilaya maskini kuwa na ugonjwa mwingi hakuthibitishi kwamba wagonjwa ndio maskini wa wilaya hiyo.

Linda watu

Usichapishe nukta ya nyumba ya mgonjwa. Hata picha ndogo isiyo na majina ya mitaa haitoshi kumficha: mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kutoka kwenye ramani za aina inayochapishwa kwenye majarida, anwani nyingi zinaweza kupatikana tena. Tafiti za DHS, tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, husogeza mahali pa kila kundi la kaya kwa makusudi, hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na 1% ya makundi ya vijijini hadi 10. Fanya vivyo hivyo, au jumlisha kwa eneo. Idadi ikiwa chini ya kikomo mlichokubaliana, tuseme 10, andika "chini ya 10". Kisha hakikisha mtu hawezi kuipata kwa kutoa: jumla ya mkoa ukiiandika, na wilaya zote isipokuwa moja zina namba, umeifichua ile moja. Kwa VVU, kifua kikuu sugu na ukatili wa kijinsia, kaa na wawakilishi wa wanaohusika kabla ya kuchapisha. Jina la mtaa kwenye ramani ya aibu hubaki hata baada ya takwimu kubadilika.

Kuiweka mbele ya watu

Kichwa cha ramani kiseme ulichokikuta. "Wilaya saba za mpakani ziko chini ya 80% ya chanjo ya surua" kinamwambia msomaji aangalie wapi. "Utoaji wa chanjo kwa wilaya" kinamwacha atafute. Chini yake weka mwaka wa takwimu, mwaka wa mipaka, chanzo cha idadi ya watu na maeneo yaliyokosa taarifa.

Kwa kikao, toa picha tuli au PDF kutoka QGIS. Kwa umma, ramani ya kubofya inafaa. Huduma ya mtandaoni ya Datawrapper inakutosha kama huandiki msimbo wa kompyuta, na maktaba ya msimbo ya Leaflet kama unaandika. Faili la mipaka lipunguze uzito kwenye zana ya Mapshaper kwanza, kwa kuwa wengi watafungua kwa simu na mtandao hafifu. Weka kiungo cha jedwali chini ya ramani, kwa wanaotumia programu za kusomewa skrini na kwa yeyote anayetaka kuhakiki hesabu zako.

Kabla ya kuipeleka, mpe mtu ambaye hakuhusika na kazi hii. Usimweleze kitu. Mwulize anaona nini na angefanya nini. Akitaja wilaya zile ulizokusudia, peleka. Akianza kwa kusema "huku kuna rangi nzuri", rudi kwenye madaraja.

Ukiwa umeichapisha, mpe mtu mmoja kwa jina lake jukumu la kuihuisha, na uamue mapema itaondolewa lini. Dashibodi ya COVID-19 ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani ilianza tarehe 22 Januari 2020 na ikaacha kukusanya takwimu tarehe 10 Machi 2023, tarehe ikatangazwa, kumbukumbu zikabaki wazi kwa anayezitaka. Ramani yako pia iandikwe "takwimu hadi" pamoja na tarehe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu, kwenye kona ambayo mtu akiikata picha na kuituma haitakatika.